Mashindano ya drafti Mwanjelwa: kanuni anatunga nani, mwenye mbuzi au sisi tunaocheza?

#1 KiziboChekundu
Wakuu heshima kwenu. Nimeacha siku tatu zipite ili hasira zipoe, hazijapoa.

Jumapili kulikuwa na mashindano ya drafti hapa Mwanjelwa. Mwandaaji simtaji. Kiingilio 5,000, tumeingia watu 32, mshindi anachukua mbuzi. Nimepanda mpaka nusu fainali. Mwenzangu akabaki na kingi watatu (kete zilizofika mwisho wa ubao), mimi mmoja. Kila aliyekaa kijiweni Mbeya hii anajua hapo zinahesabiwa hatua 12, ukishindwa kumkamata mwenzio ni suluhu. Nikahesabu kwa sauti, na watu nyuma yangu wakahesabu nami kama darasa la kwanza. Ya 12 ikapita. Nikanyoosha mkono nimpe jamaa. Mwamuzi anasema "bado, hapa ni 15". Ya 14 nikaliwa.

Hoja yangu siyo mbuzi. Hoja ni kwamba kanuni zote zilikuwa kichwani mwa mtu mmoja, na kichwa chenyewe hatukuwa na namna ya kukifungua tukaangalia. Watu 32 mara 5,000 ni 160,000. Yule mbuzi tumemnunua sisi wenyewe! Iweje mnunuzi asiulizwe hata hesabu ni ngapi?

Napendekeza wachezaji wa Mbeya tukae, tuandike kanuni moja, na mwamuzi tumchague sisi. Mwandaaji asiyezitaka, hatuendi kumchezea. Karibuni.

#2 Viazi Mviringo
"Hoja yangu siyo mbuzi." Mbuzi katajwa kabla ya hoja na baada ya hoja. Nimeweka kigoda, endeleeni.

#3 Bajaji ya Uyole
Nakuunga mkono mia kwa mia. Mimi mwaka jana nilitolewa Uyole kwa kesi ya kugusa. Upepo wa Uyole wa mwezi wa saba mnaujua, na tulikuwa tunachezea vizibo vya soda nje, hata turubai hakuna. Kizibo kikateleza kikakaa katikati ya vyumba viwili, nikakirudisha kwa kidole. Mwamuzi: "Umegusa, sogeza hichohicho." Nikisogeza hicho naliwa tatu na jamaa anaingia kingi. Nikamwambia ni upepo, akaniuliza upepo una jina kwenye ratiba?

Watu walicheka mpaka leo wananiita Upepo.

#4 Kingi Mmoja
Mimi Jumapili nilikuwepo, tena nilikaa meza ileile. Kizibo, ongea yote. Kanuni ya 15 ilitangazwa saa tatu asubuhi kabla ya mechi ya kwanza. Wewe ulikuwa ng'ambo ya barabara kwenye supu. Ulipofika ulikuta ratiba imeshapangwa, ukauliza tu "nacheza na nani".

#5 KiziboChekundu
Mkuu Kingi Mmoja, tangazo la mdomo tena kwa spika inayokoroma siyo tangazo. Lingebandikwa ukutani ningelisoma hata na bakuli la supu mkononi.

#6 Mnyalu wa Kihesa
Kamwene. Huku Iringa mnatushangaza na hizo 12 zenu. Kijiweni kwetu kwanza tunaangalia kingi mmoja amekaa wapi. Akiwa njia kuu, yaani ule mstari mrefu wa kona kwa kona, hakuna cha kuhesabu, ni suluhu palepale, watatu hawamtoi hata mkeshe. Akiwa nje ya njia kuu ndipo anayekimbiza anapewa hesabu.

Kwa hiyo Kizibo jibu swali moja: kingi wako alikuwa njia kuu au la?

#7 Njiapanda Makambako
Mnyalu umeuliza la maana, ila umeshatuonyesha tatizo. Mimi niko Makambako. Hapa wanakutana wa kutoka Iringa, wa Mbeya, na wa Njombe mpaka Songea. Kabla kete haijasogea tunaulizana maswali matatu: kete inakula nyuma au hailii? Kula ni lazima au hiari? Kingi akishakula anasimama popote au nyuma ya aliyemla tu? Nimeshawahi kuona watu wawili wanamaliza nusu saa kwenye maswali hayo, chai inapoa, wanaagana bila kucheza.

Ndiyo sababu wachezaji hatuna sauti. Mwandaaji akisema "haya, semeni mnataka nini", atapata majibu 32.

#8 Dada Sataranji
Habari za humu. Mimi nafundisha watoto chesi Iringa, drafti nacheza kidogo. Hizo namba hazikuokotwa hewani. Kwenye kanuni za shirikisho la drafti la dunia, FMJD, lililoanzishwa 1947, kingi watatu kwa mmoja wanapewa hatua 16. Kwa hiyo wa 12 na wa 15 wote mmekosea.

#9 Mzee Loleza
Binti, hiyo 16 ni ya ubao wa vyumba 100, wenye kete 20 kila upande. Sisi tunacheza 64, kete 12 kwa 12. Usichanganye sufuria na kifuniko cha jirani.

#10 Dada Sataranji
Shikamoo Mzee, hapo umenisahihisha vizuri. Ni kweli, 16 ni ya ubao wa 100. Kwenye 64 ya Kirusi ni 15, na sababu yake inapendeza: mcheza chesi mmoja wa Urusi wa karne ya 19, Alexander Petrov, alionyesha kwamba kingi watatu wakijipanga umbo la pembetatu wanamkamata mmoja ndani ya hatua 15, mradi hayuko njia kuu. Wanaiita pembetatu ya Petrov hadi leo. Ukihesabu 12 unamnyima mkimbizaji hatua anazozihitaji. Ukihesabu 15 umempa zilezile zinazomtosha kama anajua kazi.

Kwa hiyo Kizibo, samahani kaka yangu, hiyo 15 ina mantiki.

#11 KiziboChekundu
Sawa dada, kama ni Urusi. Mechi ilikuwa Mwanjelwa.

#12 Mzee Loleza
Marahaba binti.

Niwaambie jambo ambalo vijana hamtalipenda. Nimecheza drafti tangu Mwanjelwa haijawa na soko la ghorofa. Kanuni hazikuandikwa kwa sababu mafundi wenyewe hawakutaka ziandikwe. Fundi wa kweli anajua kanuni za vijiwe vinne, na akikutana na mgeni anachagua ile itakayombana. Anamwacha mgeni ale asipotakiwa kula, halafu ndipo anamwambia "huku kwetu hiyo hairuhusiwi". Nimeyafanya hayo. Nimefanyiwa pia, Tukuyu, nikarudi na nauli ya kuazima.

Sasa fundi huyohuyo leo amebanwa na mwandaaji ndiyo anadai katiba?

#13 Viazi Mviringo
Mzee kamaliza. Funga uzi.

#14 Bajaji ya Uyole
Uzi haufungwi. Mzee Loleza kwa heshima zote, hayo ni ya kijiweni, watu wanacheza soda. Hapa kuna kiingilio na zawadi. Hela ikishaingia mchezo umebadilika.

#15 Mama wa Sido
Mnaongelea kanuni za kingi, mimi naongelea ya mlangoni. Nauza vitambaa, na drafti nacheza na majirani zangu wa kibanda kila siku jioni biashara ikilala. Nilikwenda kujiandikisha kwenye mashindano fulani mwaka juzi, nina 5,000 yangu mkononi. Kijana wa daftari akaniambia "mama, wanawake watapangiwa siku yao". Siku hiyo haijafika mpaka leo ninavyoandika.

Nikamuuliza imeandikwa wapi. Akasema haijaandikwa, ni utaratibu tu. Kwa hiyo Kizibo mkikaa kuandika, na mimi nipigieni simu. Na msinipangie kupika chai ya kikao.

#16 Kingi Mmoja
Mama hilo la kweli, na Jumapili pia sikumwona mwanamke hata mmoja mezani. Watazamaji walikuwepo.

#17 Msajili Mstaafu
Salaam. Nimefanya kazi za michezo ngazi ya wilaya miaka mingi, naomba niseme kwa kifupi. Mnazunguka mbuyu. Baraza la Michezo la Taifa lipo kwa sheria ya 1967, na vyama vya michezo vinasajiliwa. Mkiwa na chama chenye katiba na wanachama, mwandaaji yeyote atakayekuja anawakuta ninyi mna kanuni tayari. Bila chama ninyi ni wateja. Mteja akilalamika chapati ndogo, anaambiwa nenda kwa mwingine.

#18 Njiapanda Makambako
Msajili, vyama tumeviona. Mwenyekiti, makamu, katibu, mhazini, mihuri mitatu na hakuna ubao hata mmoja. Baada ya mwaka mwenyekiti ndiye mwandaaji, na mbuzi ni yuleyule.

#19 Msajili Mstaafu
Hilo ni la watu, siyo la chama.

#20 Njiapanda Makambako
Chama kinaundwa na nini mkuu, mbao?

#21 Dada Sataranji
Ngoja niwape mfano kutoka kwetu kwenye chesi, kwa sababu wenzetu wana shirikisho tangu 1924, FIDE, na bado wanagombana hivihivi. Desemba 2024 New York, kwenye mashindano ya dunia ya chesi ya haraka, Magnus Carlsen, aliyekuwa namba moja duniani, alikuja amevaa jinzi. Kanuni za mavazi zinakataza. Akapigwa faini ya dola 200, akaambiwa akabadilishe, akasema atabadilisha kesho. Hawakumpanga raundi iliyofuata, naye akajitoa. Siku chache tu baadaye shirikisho likalegeza kamba, jinzi ikaruhusiwa, akarudi kucheza ile ya dakika chache zaidi na akaondoka na taji, amegawana na Ian Nepomniachtchi.

Mnaona? Kanuni ilibadilika katikati ya mashindano kwa sababu mchezaji mmoja aligoma.

#22 Mnyalu wa Kihesa
Dada umeleta mfano unaokupinga. Ilibadilika kwa sababu ni Carlsen. Angekuwa mchezaji namba 140 na jinzi yake angekuwa uwanja wa ndege jioni ileile. Kizibo akigoma Mwanjelwa, watu wanasema "asante, nafasi imepatikana", na mechi inaendelea.

Na hilo la kugawana taji mbona lililalamikiwa sana. Wachezaji wawili wamechoka sare, wanamwambia mwandaaji "tupeni wote", naye anakubali. Hiyo ndiyo sauti ya wachezaji tunayoitaka?

#23 Bajaji ya Uyole
Ndiyo hiyohiyo. Mbuzi anagawanyika vizuri kuliko taji.

#24 Mzee Loleza
Sisi wa zamani tunamkumbuka Fischer, Mmarekani wa chesi. Naona ndiye Kizibo wenu. Mwaka 1962 kule Curaçao alilalamika kwamba Warusi wanapangiana sare. Petrosian, Keres na Geller michezo yao 12 wao kwa wao yote iliisha sare. Shirikisho likasikia, likaacha ule mfumo wa wote kucheza na wote, wakaanza kutoana mmoja kwa mmoja. Hapo mchezaji alisaidia mchezo.

Lakini 1975 huyohuyo, sasa ni bingwa, akaleta kanuni zake: ichezwe mpaka mtu ashinde michezo 10, sare zisihesabiwe, na ikifika 9 kwa 9 bingwa abaki na taji. Wakamkubalia 10. Wakakataa ile 9 kwa 9. Akakaa nyumbani, mpinzani wake Karpov akapewa ubingwa bila kusogeza kete. Sasa hiyo 9 kwa 9 ilikuwa haki ya wachezaji au ilikuwa ya Fischer?

#25 KiziboChekundu
Mzee umenifananisha na bingwa wa dunia, nashukuru. Lakini mimi sikudai nibaki na taji. Nilidai karatasi ukutani.

#26 Mnyalu wa Kihesa
Na njia kuu?

#27 Jirani wa Pwani
Mimi mtu wa Tanga, kazi imenileta Mbeya, baridi yenu nimeshaizoea nusu. Nyie mna bahati mnagombania hesabu tu. Njooni kwenye bao. Mashimo 32, kete 64, kila mtu anaanza na 22 mkononi, na mzee mmoja akiamua kuichezea au kuilalisha nyumba yake, lile shimo kuu, anaweza kukueleza kanuni ya babu yake ambayo hujawahi kuisikia. Wazee wawili kwetu waliacha kusalimiana kwa ajili ya kutakata, yaani kucheza zamu bila kula. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mcheza bao, na bado bao halikupata kanuni ya kuwanyamazisha wazee.

Ninachotaka kusema, kwenye bao mwamuzi ni baraza zima. Watu 20 wamekaa wanatazama, ukikosea wanaguna. Ukiguniwa na watu 20 unarudisha kete mwenyewe. Drafti mmeleta mwamuzi mmoja na filimbi, ndiyo yanawakuta.

#28 Kingi Mmoja
Jirani, baraza hilo Mwanjelwa ndilo lililoharibu. Watu nyuma ya mchezaji wameweka dau. Mwenye dau lake kwa Kizibo anahesabu haraka, mwenye dau kwa yule mwingine anahesabu polepole. Niliwasikia kwa masikio yangu, kundi moja liko ya 11 lingine liko ya 9. Ndiyo maana mwandaaji alikataa hesabu ya watazamaji.

Nami nionavyo hapo ndipo penye mzizi. Siyo mwandaaji, siyo mafundi, siyo chama. Ni dau. Ondoeni dau, kanuni yoyote itakubalika.

#29 Viazi Mviringo
Ukiondoa dau, watazamaji wanabaki Kingi Mmoja na mbuzi.

#30 Mama wa Sido
Na mimi.

#31 Boda la Tunduma
Nimechelewa, umeme ulikuwa umekatika. Huku mpakani kuna madereva wa malori wanasubiri kuvuka siku mbili tatu, na wote wanacheza drafti. Kila mmoja amekuja na sheria za kwao. Tulichofanya kijiweni kwetu: tuliandika kwa chaki kwenye ukuta wa duka, mistari sita. Kete hailii nyuma. Kula lazima. Ukiwa na njia mbili za kula, chagua. Kingi watatu kwa mmoja 15, nje ya njia kuu. Kugusa ni kucheza, isipokuwa umesema "natengeneza" kabla ya kugusa. Anayetoa ushauri ananunua soda kwa wote wawili.

Hakuna aliyepiga kura. Mwenye duka aliandika kwa sababu kelele zilikuwa zinamfukuzia wateja. Mwaka wa pili sasa, na ugomvi umepungua sana. Mvua ikifuta anaandika tena, na kila akiandika tena mstari mmoja unabadilika kidogo, tunamkamata tunamrekebisha.

#32 Bajaji ya Uyole
"Natengeneza"! Ningelijua neno hilo mwaka jana ningekuwa na jina langu la kawaida.

#33 Dada Sataranji
Bajaji hilo neno lipo hata kwenye kanuni za chesi, unamjulisha mwenzio kwanza kwamba unanyoosha tu. Watoto wangu wanalipenda mno, wanalisema kila dakika mpaka inakuwa kero.

Boda, mistari sita ni mizuri. Ila naona kwenye uzi huu tumeona watu watatu tofauti wanaotunga kanuni: mwenye mbuzi, fundi, na sasa mwenye duka. Mchezaji wa kawaida bado hayumo.

#34 Boda la Tunduma
Yumo dada, ndiye anayemkamata mwenye duka akibadilisha mstari.

#35 Kwetu Rungwe
Ndaga kwa uzi mzuri. Mimi nimewahi kuandaa, tena mara mbili, Tukuyu, kwa hiyo nitupieni mawe mkimaliza kusoma. Mnahesabu 160,000 mnaona mwandaaji amekula. Meza na viti vya kukodi, turubai kwa sababu Tukuyu mvua haina ratiba, spika, kibali, vijana wawili wa daftari wanakula mchana, mwamuzi anataka nauli na chake. Mbuzi. Mara ya kwanza nilitoa mfukoni.

Na kuhusu kuwauliza wachezaji, niliwauliza. Mara ya pili niliita mafundi sita wiki moja kabla, nikasema andikeni, mimi nitafuata. Walikaa saa nne wakaafikiana jambo moja tu, kwamba kiingilio kishuke.

#36 Njiapanda Makambako
Hahaha. Nilisema mimi #7.

#37 KiziboChekundu
Kwetu Rungwe nakuheshimu kwa kuja. Lakini ungewaita 30, wakiwemo wanaotolewa raundi ya kwanza, usingepata jibu la mafundi sita. Fundi anataka kiingilio kishuke kwa sababu anacheza mashindano yote. Anayetolewa mapema anataka jambo jingine: acheze angalau mara mbili kabla ya kupanda daladala. Toka Mbalizi kwa nauli, toa 5,000, ucheze dakika kumi uliwe urudi. Hilo hakuna aliyelileta hapa, hata mimi sikulileta kwa sababu nilifika nusu fainali.

#38 Mzee Loleza
Hapo umesema neno, Kizibo. La kwanza tangu #1.

#39 Kwetu Rungwe
Kucheza mara mbili kunahitaji siku mbili au meza mara mbili. Nani analipa?

#40 Mama wa Sido
Mimi nina meza mbili za kukatia vitambaa, ndefu, zinakaa ubao nne kila moja. Jumapili hazina kazi. Ila nacheza.

#41 Mnyalu wa Kihesa
Kabla hamjaanza kugawana meza, niongeze moja la kutufariji. Baba Sy wa Senegali, bingwa wa drafti kweli, alitakiwa kukutana na Kuperman wa Umoja wa Kisovieti kwa ubingwa wa dunia mwaka 1963. Mechi haikuchezwa. Alifariki 1978. Shirikisho lilikuja kumtangaza bingwa wa ule mwaka 1963 ilipofika 1986, mtu yuko kaburini miaka minane. Kizibo, wewe siku tatu tu unalia.

#42 Viazi Mviringo
Kwa hiyo mbuzi wa Kizibo anakuja 2048.

#43 Jirani wa Pwani
Kama hajawa supu.

#44 Kingi Mmoja
Ameshakuwa. Mshindi alimchinja Jumatatu, nilialikwa.

#45 Msajili Mstaafu
Nawaomba tena kuhusu chama. Mama wa Sido ana meza, Boda ana mistari sita, Kwetu Rungwe ana uzoefu wa hasara. Watu wa kuanzia mnao.

#46 Njiapanda Makambako
Na mwenyekiti ni nani?

#47 Msajili Mstaafu
Sikusema lolote kuhusu mwenyekiti.

#48 Njiapanda Makambako
Utasema tu.

#49 Mnyalu wa Kihesa
Kizibo nimeuliza mara mbili, hii ya tatu. Kingi wako alikuwa njia kuu au hakuwa? Kama alikuwa njia kuu, 12 na 15 zote hazina maana, umeonewa na mwamuzi hajui drafti. Kama hakuwa, ulikuwa unakimbizwa kihalali na pembetatu ya dada imekukamata hatua ya 14, moja kabla ya mwisho.

#50 KiziboChekundu
Nilikuwa naingia na kutoka.

#51 Mzee Loleza
Kingi aliye njia kuu haingii na kutoka, mwanangu. Anakaa.

#52 KiziboChekundu
Mzee, nilitolewa kwa nguvu! Kula ni lazima, jamaa akanitegea kete, ikabidi nile, nikajikuta pembeni. Tena hiyo ndiyo hoja nyingine, kwenye vijiwe vingine hapo kula ni hiari.

#53 Kingi Mmoja
Kete ipi tena? Umesema alikuwa na kingi watatu. Kama alikutegea mmoja ukamla, walibaki wawili. Na wawili kwa mmoja hesabu yake ni nyingine kabisa.

#54 Bajaji ya Uyole
Eeh! Kizibo, walikuwa watatu au wanne?

#55 Dada Sataranji
Sasa mimi nimepotea. Kuna mtu ana picha ya ubao?

#56 Kingi Mmoja
Ninayo, nilipiga ile ya 12 aliponyoosha mkono. Tatizo kona yenyewe ya njia kuu imezibwa na kikombe cha chai.

#57 Viazi Mviringo
Kikombe cha nani?